Mkate wa Kuchovya Hautamfikisha Mjukuu Wangu Saa Sita

Gungu, Kigoma
Jumanne asubuhi

Kwako mkwe wangu, Mama Martini,
Ufaransa.

Ningeanza na shikamoo, lakini katika haraka za harusi hakuna aliyeniambia umri wako. Basi tugawane: kama umenizidi, shikamoo; kama nimekuzidi, marahaba, nimeshaipokea. Mimi ni Verediana, bibi yake Winfrida, yule mama mwembamba aliyesimama kushoto kwenye picha ya harusi, ambaye hakucheka kwa sababu mpiga picha alikuwa anamlazimisha acheke. Shule sikusoma. Anayeandika ni jirani yangu Candide, fundi cherehani, mtu wa Burundi, aliyefundishwa na masista mpaka Kifaransa kikamwingia. Mimi nasema, yeye anaandika kwa Kiswahili, halafu nyuma ya karatasi ataweka kwa lugha yako. Nimemkataza kulainisha.

Mwanao Martini ni mtu mzuri. Naliweka hili mbele ili usidhani nakuja kwa ugomvi. Miaka miwili ameyapima maji ya ziwa letu, anaamkia wakubwa vizuri, anaosha vyombo bila kutumwa. Lakini tangu mkataba wa nyumba yao uishe wanakaa kwangu wakisubiri safari, na kwa wiki tatu nimeona kwa macho yangu mnachokula asubuhi huko kwenu. Mkwe, nina malalamiko. Na kwa kuwa mwisho wa mwezi huu anamchukua Winfrida, mwenye mimba ya miezi minne, aje kuzalia kwako, malalamiko yenyewe hayawezi kulala.

La kwanza ni mkate. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema nikapika maharage, nikachemsha viazi vitamu, nikaunga samaki wawili wa ziwani, migebuka, kwa mawese, kwa sababu mkwe halishwi makombo. Mwanao akashukuru, akatoa mkate kwenye mfuko, akaupaka siagi, akauchovya kwenye kahawa, akala. Basi. Kwetu mkate anapelekewa mgonjwa hospitali, tena mgonjwa anayeelekea kupona. Na kuchovya ni kazi ya asiye na meno. Mimi nimebakiwa na manne na bado sichovyi. Martini anayo yote, nimeyaona akicheka.

La pili ni utamu. Siku ya pili ikatoka chupa ya jamu. Mtu mzima, mwenye ndevu, anapaka matunda yaliyochemshwa na sukari juu ya mkate, saa moja asubuhi, halafu anakwenda kazini kuinua mitambo ya kupimia maji. Nikamuuliza, chumvi mnaionja saa ngapi? Akasema mchana. Mayai? Siku nyingine, sana sana jioni. Nikamuuliza Candide kama ni kweli, akasema hata masista wake walikula hivyohivyo. Nikadhani ni mfungo wa Kwaresima. Candide anasema ni mwaka mzima, na Pasaka pia.

Humohumo kwenye la pili niingize ule mkate wenu wa Jumapili, ulioumbwa kama mwezi mchanga. Winfrida alinionyesha kwenye simu. Mtu aliubonyeza kidogo tu ukabomoka wote, ndani hamna kitu, upepo mtupu. Mkwe, sherehe yenu ndiyo hiyo?

La tatu ni bakuli. Siku ya nne Martini aliomba bakuli, na moyo wangu ukapiga vigelegele. Nikatoa lile kubwa la wageni, nikalijaza uji wa ulezi wenye karanga mpaka ukingoni. Akalitazama. Akanywa wote, maana adabu anayo, kisha akaomba bakuli lingine, tupu. Akamimina kahawa humo. Pale Ujiji wazee wanakunywa kahawa kwa vikombe vidogo kama kifuniko cha chupa, na hivyo hivyo wanabishana mpaka adhuhuri. Mwanao anamaliza bakuli zima, peke yake, kimya, anatazama ukuta. Hata mashamba ya kahawa ya Kalinzi yangejua yanakoishia yangeona haya.

La nne ndilo lililoniumiza, na hapa naomba Candide aandike polepole. Kwetu mkwe akiacha chakula cha asubuhi siku tatu mfululizo, ana neno moyoni juu ya nyumba ile. Hawezi kulisema mwenyewe, ni aibu. Lazima aulizwe mara tatu mbele ya wazee. Nikamwita kaka yangu Telesphory, akaja na boti kutoka Ilagala, na koti lake la sikukuu, kwenye jua lile. Tukaweka mkeka. Winfrida alikuwa amekwenda Katonga kununua samaki, kwa hiyo wa kumnong'oneza mumewe hakuwepo.

Telesphory akamuuliza kosa letu. Martini akasema hakuna, amelala vizuri, anafurahi. Tukatikisa vichwa, ndivyo wanavyojibu wote mara ya kwanza. Akaulizwa tena. Akasema anafurahi sana. Akaulizwa ya tatu, na nikamwona anamtazama Telesphory, anatazama lile koti, anatazama jasho, akatambua kuwa mzee hawezi kurudishwa Ilagala mikono mitupu. Akafikiri sana. Mwishoni akasema, "Labda jogoo. Anawika mapema kidogo."

Telesphory akasimama, akasema, "Limesikika."

Kesho yake saa moja asubuhi jogoo alikuwa mezani mbele ya Martini, mzima, na mchuzi wake. Akala paja lote pamoja na mkate wake, machozi yakimtiririka, na sijui kama yalikuwa ya pilipili. Tangu siku hiyo uchochoro mzima unachelewa kuamka. Fundi baiskeli wa nyumba ya tatu alikosa gari la Kasulu. Kuku wangu majike wanazunguka uani kama wajane. Na Martini? Asubuhi iliyofuata, mkate na jamu. Kumbe neno moyoni hakuwa nalo. Ndivyo mlivyo tu. Jogoo wangu amekufa kwa sababu ya desturi ya Ufaransa.

La tano ni la serikali yenu. Nasikia redioni kwamba kwenu watu wanapenda kugoma, treni zinasimama, barabara zinajaa mabango. Watangazaji wanatafuta sababu. Mimi nimeipata nikiwa jikoni Gungu. Mtu aliyekula mkate na jamu saa moja, ikifika saa nne tumbo linauliza maswali, ikifika saa tano anamchukia bosi wake, saa sita yuko barabarani na bango. Mpe ugali wa muhogo na dagaa aliyeungwa mawese uone kama atakuwa na nguvu ya kuandamana. Atatafuta mahali pa kulala. Waambieni wakubwa wenu. Ushauri huu ni bure, mawese ndiyo yatakuwa na bei.

Sasa nifike kwa Winfrida. Juzi niliingia jikoni nikamkuta yeye mwenyewe, mjukuu wangu, ameshika mkate, anachovya. Anachovya taratibu, ana furaha usoni. Nikamuuliza maharage yana nini. Akasema, "Bibi, asubuhi mtoto hayataki." Mtoto wa miezi minne tumboni tayari ana maoni ya Kifaransa. Hapo ndipo nilipomwita Candide na kalamu yake.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naona ni madogo. Winfrida abaki Gungu mpaka ajifungue. Akishajifungua, abaki mpaka mtoto aote meno. Akiota meno, abaki mpaka ajue kuyatumia. Martini anaweza kutangulia, nitamfungia dagaa. Kama hilo ni gumu, njoo wewe mwenyewe, mkwe, ukae kwangu miezi mitatu, nikufundishe kulisha mtu asubuhi, halafu urudi naye ukiwa umefuzu. Chumba kipo. Na kama na hilo ni gumu, basi wekeni mafiga uani kwenu nije mimi, ingawa naambiwa mnaishi ghorofa ya nne na uani hakuna. Mnawezaje kumkaribisha mzazi kwenye nyumba isiyo na mahali pa kuwasha moto, hilo nitaliandikia barua yake.

Wasalimie wa nyumbani kwako wote, msalimie baba yake Martini, wasalimie majirani wa ghorofa ya tatu walio chini yenu na wa tano walio juu, na yule anayewaokea mkate mwambie sina kinyongo naye. Telesphory anakusalimu kutoka Ilagala. Candide anakusalimu kwa Kifaransa.

Ni mimi mkwe wako, ninayesubiri majibu nikiwa nimekaa,
Verediana.

Nyongeza. Candide amegoma kufunga bahasha. Ameweka kalamu chini akaniuliza mimi nimekula nini leo. Nikasema chai ya rangi. Akauliza na jana. Chai ya rangi. Akasema miaka kumi na moja tumekuwa majirani na hajawahi kuniona nikitia kitu kingine mdomoni kabla ya saa tano, na anaapa hataandika uongo kwa lugha mbili. Ni kweli, mkwe. Asubuhi tumbo langu halifunguki, halikufunguka hata nikiwa msichana. Tangu mama yake Winfrida afariki, mtoto akiwa na miezi saba, nilimpikia kila alfajiri miaka ishirini na sita, mpaka alipoolewa, na sikula hata kijiko. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda mbele yake, namtazama akila. Hicho ndicho nilichokuwa nakula.

Basi nimwache aje. Mkate ni chakula, na jamu, nimeionja jana wakiwa wametoka, si mbaya. Nakuomba moja tu: asubuhi akichovya hicho kimkate chake, vuta kiti, ukae mbele yake mpaka amalize. Usimwache ale peke yake.