Fimbo za Kiairishi kwa Wafugaji wa Usangu

Jumatatu, 6 Juni 1977

Wiki ya tano ya ndoa! Nimeamka kabla ya Lutengano, nikakaa namtazama anavyokoroma. Anakoroma kwa upole sana. Mbeya nzima hakuna mwanaume wa namna hii.

Jioni karudi na habari mbaya. Meneja wa bohari anataka mtu mmoja ahamie Iringa mwisho wa mwezi, ama Lutengano ama mwenzake Silvester. Huko, mtaa wa Kihesa, kuna chumba kimoja cha wanaume watatu. Wake wabaki walipo. Nibaki! Mimi! Hapa mtaa wa Soweto, na mama mkwe na wifi yangu Alinanuswe! Nimelia mpaka chai imepoa. Lutengano kasema tutaona. Ana maneno machache, ndiyo maana nampenda.

Dawa ni moja. Tuwe na kazi yetu wenyewe, meneja abaki na bohari lake.

Jumanne, 7 Juni

Nimepata! Nilikuwa nafagia uwanja nikamkumbuka mwalimu wetu wa historia kule sekondari Iringa, Mwairishi. Alituchorea ubaoni maandishi ya kale ya kwao. Unapiga mstari mmoja, kisha unakata mikato pembeni. Mkato mmoja B, miwili L, basi, hivyo hivyo. Wazee wao walikata kwenye kingo za mawe na miti. Darasa zima lilisinzia. Mimi sikusinzia, nilikuwa naandika majina ya wavulana.

Sasa, Lutengano anajua kuchonga. Marehemu baba yake alimwachia tezo na patasi. Tutauza miiko na fimbo zenye jina la mwenyewe kwa Kiairishi! Kazi ya familia nzima. Lutengano achonge, Alinanuswe apige msasa, mama auze, mimi nitoe mawazo.

Na maandishi yale yana herufi ya NG peke yake! Waairishi walijuaje? Lutengano linaandikika lote, halibaki hata kipande. Nimeona hiyo ni ishara.

Alinanuswe kauliza jina lake je. Nikamweleza kwa upendo kwamba W hawakuwa nayo. Akasema basi na msasa wawapelekee Waairishi.

Jumamosi, 11 Juni

Mwiko wa kwanza tumempa mama. R, O, Z, A, umependeza kama nini! Mama kashukuru, kasonga ugali.

Ugali umeingia kwenye herufi.

Kauchokoa kwa msumari, kwa kijiti, kwa maji ya moto. Kasema amekuwa Roza miaka hamsini na jina lake halijawahi kunuka ugali wa jana. Saa saba mwiko ulikuwa jikoni, chini ya chungu. Umewaka vizuri, kasema Alinanuswe. Nani alimuuliza?

Lutengano kacheka. Nilipomtazama akakohoa. Maskini, moshi.

Jumatano, 15 Juni

Fimbo! Fimbo haisongi ugali!

Leo sokoni kaja mfugaji mmoja, Mzee Shigela, aliyetoka Usukumani akahamia Usangu na mifugo yake. Kapenda fimbo, kataja jina, Lutengano kakata pale pale. Mzee akapitisha kidole gumba kwenye mikato, polepole, midomo inacheza. Akafika kumi na tisa. Uso ukabadilika.

Kauliza nani kaniambia ana ng'ombe kumi na tisa. Nikasema siyo ng'ombe, mzee, ni jina lako. Akasema weee binti, jina lake analijua tangu azaliwe na halijawahi kuhesabika. Ng'ombe kumi na tisa ni wa kijana anayeanza maisha! Atembeeje nayo mnadani? Watu wacheke?

Nikaanza kumweleza habari za Ailandi. Lutengano, mwenye busara, akauliza tu aongeze mingapi.

Jumamosi, 18 Juni

Wamekuja! Mzee Nkuba kaleta fimbo yake mwenyewe, anataka mikato mingi kumpita Shigela. Saa nane Shigela karudi anataka kumpita Nkuba. Nyuma yao wengine sita, na kila mmoja anachungulia fimbo ya mwenzake. Majina hakuna anayeyataka tena. Imeniuma kidogo kwa ajili ya mwalimu wangu, lakini biashara ni biashara.

Lutengano anatoka bohari, anavua shati, anakata mpaka giza. Viganja vimetoka malengelenge. Nimeyabusu yote, moja moja. Ana mikono ya mfalme!

Wakati wa kula kaniuliza kwa sauti ndogo, hivi Iringa ni mbali kiasi gani? Roho yangu! Anaogopa kutengana nami.

Alhamisi, 23 Juni

Sielewi dunia. Leo mnadani bwana mifugo, ambaye kila mwaka anazunguka Usangu nzima kuhesabu ng'ombe wanaofichwa vichakani kukwepa ushuru, hakuzunguka. Alisimama mlangoni, akasalimia, akaomba kuona fimbo. Fimbo nzuri hii, mzee! Akawa anahesabu mikato na kuandika.

Ijumaa, 24 Juni

Alfajiri uwanja umejaa. Shigela, Nkuba, na wale sita, wote wamekasirika, wote leo ni maskini. Shigela kaapa ana ng'ombe wanne na mmoja kiwete. Nkuba kasema yeye ni watatu, tena wa shemeji. Wanataka mikato ifutwe. Yote. Sasa hivi.

Lutengano akashika randa. Fimbo ya kwanza ikawa nyembamba kama ufagio. Ya pili ikavunjika. Nkuba akauliza kama na hicho ni Kiairishi. Alinanuswe kacheka mpaka kakaa chini. Mama kasema zinazovunjika nisitupe, jiko lake limeshazoea kuni zangu.

Mimi nikampa moyo mume wangu. Nikamwambia zimebaki sita tu, mpenzi. Akanitazama kwa muda mrefu, kwa macho yale ya siku ya harusi. Akaweka randa chini, akavaa shati, akaondoka bila chai.

Karudi jioni anapiga mluzi!

Jumamosi, 25 Juni

Silvester kapita kunisalimia, kanishika mkono kwa mikono yote miwili, kashukuru sana. Nikauliza kwa lipi, shemeji. Kumbe Lutengano alimkuta meneja hajafungua hata mlango, akaomba apelekwe Iringa yeye. Ikiwezekana Jumatatu.

Nimelia tena. Halafu nimefikiri, na nimeelewa yote. Fimbo zetu zinavunjika kwa sababu mti ni mbaya. Na mti mzuri uko wapi? Kilolo! Na Kilolo iko wapi? Iringa! Hakutaka kuniambia, alitaka kunishangaza. Mwanaume huyu!

Alhamisi, 30 Juni

Lutengano yuko Kihesa siku ya tatu. Hajaandika bado, malengelenge.

Nimekumbuka mwalimu yule alitufundisha pia maandishi ya Misri ya kale. Yale ni picha, ndege na macho na nyoka! Nani atahesabu ndege akadhani ni ng'ombe? Kwenye vigoda yatapendeza ajabu.

Nimefunga tezo, patasi na misasa yote. Kesho napanda basi la Iringa, sijamwambia. Atafurahi!

Mama kanikumbusha kwamba chumba kile kina wanaume watatu. Nimelijua hilo tangu mwanzo, mama. Watatu! Mikono sita!