Mama Mkwe Amenishika Kola

Aibu ya leo haina pa kujificha, ndugu zangu, maana kisiwa chenyewe ni kidogo.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa vituo vingine vya mto kabla hamjaisikia kwa mpiga kasia aliyekuwapo. Yeye atawapa mwisho tu. Mimi nitawapa yote kwa mpango, kama tulivyofundishwa kuandika habari za maji: kilichoonekana kwanza, kisha kilichofanyika.

Kilichoonekana kwanza ni suruali yangu, ikiwa imeanikwa juu ya paa la jiko.

Wakwe walitarajiwa alasiri. Fatuma, mke wangu, alifua suruali ya abakosi, ile suti ya Chama isiyo na tai, alfajiri ili niwapokee nikiwa mtumishi kamili, koti limefungwa hadi shingoni kama Chama kinavyotaka. "Itakauka mbele wafike," aliniambia. Nikamwamini. Nikajifunga kitenge chake, kile walichogawiwa wanawake siku ya gwaride, chenye sura ya Mukubwa wa nchi. Sura moja ilinikaa tumboni, nyingine ilinikaa mahali pa kukalia. (Nyumbani kwako, peke yako, nani atakushtaki?)

Sasa mjue walikuja kwa nini. Haikuwa matembezi, ulikuwa ukaguzi.

Habari ya Amuri, kifungua mimba wetu, mnaijua. Homa ilipomkamata nilipandisha bendera ya kuita meli. Meli ilikuwa Kindu, imefungwa gatini, haina mafuta. Tukapanda mto kwa mtumbwi, na Amuri akaishia njiani, mikononi mwa mama yake. Mimi natunza maboya ya mto usio na meli. Ndiyo kazi yangu, na cheti ninacho.

Tangu siku hiyo wazazi wa Fatuma wanatuma neno kwa kila mtumbwi unaoshuka: Zaituni, mtoto aliyebaki, aletwe kwao Mikelenge, mjini Kindu, akulie karibu na hospitali. Nami kila mara nilijibu kwa adabu kwamba tutaona. Safari hii wakasema basi, wanakuja kuona wenyewe.

Nilijiandaa. Nilipanga maneno yangu kama wakili. Kwanza, mtoto ananenepa. Pili, hapa samaki hawakosekani. Tatu, mtoto ana baba. Hoja ya tatu ndiyo niliyoitegemea.

Jambo moja tu lilinisumbua, nalo ni kamba.

Zaituni yuko katika umri wa kukimbia kwanza na kufikiri baadaye. Wagenya, wavuvi tunaokaa nao kisiwani, huwafunga watoto wa umri huo kamba laini kiunoni na kuifunga kwenye nguzo ya nyumba, mpaka wajue kuogelea. Hakuna anayeshangaa. Sisi pia tunamfunga. Kamba yake inamfikisha kwa kuku, haimfikishi majini. Lakini baba mkwe, Mzee Sumaili, ni Mwislamu wa mjini, wa ukoo uliokuja na misafara ya zamani ya pembe na watumwa, na katika nyumba yao habari ya mtu kufungwa kamba haitajwi hata kwa mzaha. Nikaamua kamba wasiione. Kuanzia adhuhuri Fatuma angembeba mtoto kiunoni, yakaisha.

Walifika asubuhi.

Kazi ya mtunza maboya ni kuona chombo kabla ya watu wengine. Nami niliuona mtumbwi mapema sana. Nilidhani ni wachuuzi wa mawese. Nilipoutambua mwavuli mweupe wa mama mkwe, walikuwa wameshakata kona na mkondo unawaleta.

Nilifanya mambo matatu. Nilivaa koti, nikafunga vifungo vyote. Nilimfungua Zaituni, nikatupa kamba chini ya kitanda. Kisha nikamwita Fatuma, ambaye alikuwa upande wa pili wa kisiwa akiloweka mihogo. (Ninyi mnaosoma mmekaa kwenye kiti. Mpango ulio sawa mnauona kwa urahisi.)

Nikajibanza nyuma ya migomba, koti juu, kitenge chini, nikisubiri suruali ikauke. Hapo nilikuwa bado na heshima. Kwetu Warega, mama mkwe hatazamwi usoni, hapitwi karibu, haliwi naye chakula. Na mkwe akionekana uchi na mama mkwe wake, basi ni mbuzi. Mpaka mbuzi huyo ameletwa, macho ya mama yakaoshwa, mkwe hasimami mbele yake wala hatoi neno mahali anaposikia. Msidhani watu wa mjini wameyaacha hayo. Wameoana na sisi miaka mingi, na siku hizi wanatukumbusha wao.

Zaituni alipita kati ya miguu yangu.

"Koko! Koko!" aliita, akikimbilia ubao wa kushukia watu kutoka mitumbwini. Koko wake, yaani bibi, alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, ameshanyoosha mkono. Ubao ulikuwa na umande. Mtoto akateleza.

Mtoto anayeanguka majini hapigi kelele. Miaka yote hii naandika habari za mto na sikulijua hilo. Palikuwa na mtoto, kisha palikuwa na ubao.

Niliruka. Koti la abakosi likishiba maji ni kama mtu mwingine amekukumbatia, naye hajui kuogelea. Kitenge kiliniacha mara ya kwanza nilipopiga mguu. Nilikisikia kikiondoka na sikujali. Nilipapasa chini ya ubao, nikagusa nywele, zikaniponyoka, nikashika mkono. Nikamwinua juu ya maji. Ufukweni sikuweza kufika, mkondo ulikuwa unatupeleka kwenye kina, lakini mtumbwi ulikuwa hapo hapo, mpiga kasia ameuzuia kwa nguvu zote.

Mama mkwe alimpokea mtoto kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alinishika kola.

Ningeweza kumwambia aniache. Nilifikiria kuushika ubavu wa mtumbwi nibaki majini, nikafikiri na yale yaliyokuwa chini ya koti. Lakini nilikuwa nimekunywa Lualaba ya kutosha, na yule mama ametwanga mihogo maisha yake yote. Alivuta mara moja. Nikapanda kama gunia, nikaanguka miguuni pake kifudifudi, vifungo vyote vya koti vimefungwa vizuri mpaka shingoni. Chini ya koti hapakuwa na kitu.

Zaituni alikuwa bado hajapumua.

Mama mkwe alimgeuza, akampiga mgongoni, akampiga tena. Mtoto akatapika maji, akalia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

"Muzima," mama mkwe alisema. "Mutoto muzima." Kisha akateremsha macho, akaona anachokitazama. Akageuka taratibu, akautazama mto.

Mto nao ulikuwa na jambo lake. Kitenge kilikuwa kimetandazika juu ya maji, sura ya Mukubwa ikitazama mbingu, kinateremka polepole. Kilipita upande wa kulia wa boya langu, kabisa kama kanuni inavyosema. Ndicho chombo cha kwanza kuyafuata maboya yangu tangu masika.

"Muzee," mpiga kasia aliuliza, "ile kitenge iko na sura ya Mukubwa. Tuifuate?"

Mzee Sumaili ni mjumbe wa Chama kwenye barabara yao. Alikitazama kitenge, akanitazama mimi, akautazama tena mto.

"Kitenge gani?"

"Ile pale, inaenda."

"Miye sioni kitu."

Mpiga kasia alifikiri kidogo. "Ee, Muzee. Hata miye sioni."

Basi mambo mawili hayakuonekana leo mtoni. La kitenge mlifiche na ninyi, maana lina hatari. La uchi wangu mtalisikia kwa mpiga kasia.

Fatuma alifika mbio, maganda ya mihogo mikononi. Alimchukua mtoto, akamshika miguu, akamshika vidole, akahakikisha vyote vipo. Ndipo akaniona. Aliuokota mwavuli wa mama yake, akaufungua, akanipa. Nikapanda kwenda nyumbani nimeushikilia mgongoni, na nyuma yangu watu wazima wote wakiusifu mto.

Suruali ilikuwa bado mbichi. Nikaivaa hivyo hivyo, nikakaa ndani nyuma ya ukuta wa matete. Wakwe walikaa barazani, mkono mmoja tu kutoka nilipo. Nilisikia kila kijiko. Hoja zangu zote tatu nilikuwa nazo kichwani. Ruhusa ya kufungua mdomo ndiyo niliyokosa, maana mbuzi sina, na wa kisiwani walikwenda na mafuriko.

"Leo tumefika, leo ameanguka," mama mkwe alianza. "Siku ingine inakuwaka namna gani?"

"Siku ingine haangukake, mama."

"Juu ya nini?"

Fatuma akafungua mdomo aeleze sababu. Nikakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maana: usiseme.

"Anakohoa," mama mkwe alisema. "Maji imemuingia. Mupe chai."

Chai ikaletwa. Fatuma aliinama kuweka kikombe, akanitazama. Nilitikisa kichwa. Akarudi barazani.

"Tunamufungaka kamba, mama. Kwenye nguzo. Leo Baba Amuri alimufungua juu ya kusikia haya, musimuone amefungwa."

Niliangalia chai yangu. Kule nje Mzee Sumaili aliweka kikombe chini.

"Kamba," akasema.

"Ni laini, baba. Wagenya wote wanafanyaka..."

"Sikuuliza kama ni laini. Mama ya baba yangu alifika Kindu na kamba shingoni. Mutoto mudogo. Babu akamuoa kisha. Mpaka kufa kwake alikuwa anasema ile kamba ilikuwa laini."

Sikuwahi kumsikia akisema hayo kabla ya leo. Nadhani hata Fatuma hakuwahi.

Lakini mimi nilikuwa na jibu, ndugu zangu. Nilikuwa na hoja ya nne, nimeipata pale pale: kwamba ile kamba ndiyo iliyomweka mtoto hai mpaka leo, na kwamba leo haya yangu ndiyo yaliyomtupa majini. Ni hoja nzuri. Mtu angeisema kwa sauti ya kawaida angeshinda. Mimi nikakohoa mara tatu.

"Chai haimusaidie," mama mkwe alisema.

Kisha akamgeukia binti yake, na sauti yake ikawa ndogo. "Fatuma. Wewe njo mama yake. Sitamuchukua kwa nguvu. Umezika mumoja. Sema wewe."

Hapo nilikohoa kwa kifua chote, mpaka kikaniuma kweli, mpaka machozi yakatoka, na sijui yalikuwa ya kikohozi au ya nini. Kupitia tundu la matete nilimwona Fatuma. Hakuutazama ukuta.

"Mumupeleke," akasema. "Akae kwenu mpaka ajue kuogelea."

"Mikelenge nani atamufundisha kuogelea?" baba yake aliuliza, kwa upole.

Fatuma akaanza kukusanya vikombe.

Walitaka kufika Kindu kabla ya giza, na kupanda mto ni kazi, kwa hiyo hawakukaa. Fatuma alifunga nguo za mtoto ndani ya kitambaa. Mama mkwe alisimama karibu na mlango, mgongo wake kwangu, akasema na hewa:

"Fatuma, mwambie Baba Amuri sina kinyongo. Nimeona ameruka. Hiyo njo nimeona mbele. Ile ingine nimeona kisha. Mbuzi si ya hasira, ni ya macho yangu."

"Nitamuambia," Fatuma alijibu, nami nipo hapo, nimesikia, na suruali inanitiririka miguuni.

Zaituni aliteremka ameshikwa mkono na bibi yake. Katikati ya njia akasimama.

"Baba iko wapi?"

"Baba analala," mama mkwe alimwambia.

Neno moja tu lingetosha. Niko hapa. Lakini kulisema ni kumtukana mama aliyenitoa majini siku ile ile. Nikakohoa. Mtoto akageuka, akacheka, akakohoa na yeye, kama wanavyoiga watoto. Nikakohoa tena, naye akajibu. Tukaendelea hivyo mpaka mpiga kasia akasukuma mtumbwi, na sauti ya kasia ikawa kubwa kuliko yetu.

Fatuma sasa anaosha vikombe. Ameosha kimoja muda mrefu sana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anayetaka kucheka simzuii, ila kuna sharti. Ukipata safari ya Kindu, pita Mikelenge, umwangalie Zaituni anakula nini na analala upande gani, kisha uje unicheke hapa kisiwani ukinisimulia. Mimi pale mlangoni kwao sifiki mpaka nipate mbuzi.