Mikono Iliyojaza Watu Uani

Jamani, aibu ya leo sijui nitaiweka wapi.

Usiku kucha nilikuwa na swali moja: niiweke au nisiiweke? Nina rekodi ya piano ninayoipenda kuliko zote. Anapiga mama mmoja mzee wa Ulaya, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani na hataki kuwaamsha wenzake. Tangu nimalize chuo na kupanga chumba hapa mtaa wa Dunda, nimekuwa nikiisikiliza peke yangu, na spika za masikioni. Nilitaka mtu mmoja tu aisikie. Lakini wakisema najidai mzungu? Na je, asipojibu mtu?

Baada ya alfajiri nikaiweka kwenye statasi ya simu, waione wote wenye namba yangu. Juu yake nikaweka picha nyeusi na nyeupe ya mikono ya yule mama, yenye makunyanzi, hata rangi ya ngozi haijulikani. Nikaandika: "Mama, hakuna mwingine kama wewe." Kisha nikaogopa kuangalia nani kaona. Nikazima simu, nikaifukia kwenye ndoo ya unga, nikalala. (Ndiyo, ya unga. Mnanijua.)

Nimeamshwa na kilio uani.

Natoka, nakuta mikeka imetandikwa. Kina mama wamejitanda kanga, wazee wameegemea ukuta, sufuria la ubwabwa liko jikoni. Nikajua nyumba imefiwa. Nani sasa? Unaanzaje kuuliza nani kafa, nawe unaishi humohumo? Nikaona bora nijifanye najua.

"Shikamooni. Poleni jamani."

"Marahaba. Pole wewe, mwanangu," akasema Bi Zuhura, mama mwenye nyumba, akanikumbatia.

(Nikawaza: ustaarabu huu! Mfiwa anampa pole mpangaji!)

Nikakaa na wazee. Mmoja akanishika mkono, hakuuachia. "Jikaze, Hamisi. Ndiyo njia yetu sote." Tangu nihamie hapa hakuna aliyenishika mkono zaidi ya salamu. Machozi yakanitoka. Nikalia kweli kweli, kwa msiba nisioujua! Kina mama waliponiona, wakaanza upya.

Mara bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka mwanamke, kanga inaburuza, analia: "Mmemlaza wapi Hamisi wangu?"

Mama yangu mzazi. Kutoka kwetu Vigwaza.

Nikasimama. "Mama?"

Akapiga yowe. Nami nikapiga yowe. Yule mzee ndipo akauachia mkono wangu.

"Hujafa?"

"Nani kasema nimekufa?"

"Mwenye nyumba wako kampigia dada yako. Kasema njooni tu, mambo si mazuri!"

"Sasa ningesemaje?" Bi Zuhura akadakia. "Msiba hausemwi kwenye simu! Kwani wewe ni nani, dada?"

"Mama yake Hamisi."

Bi Zuhura akakaa chini taratibu. "Basi wewe ndiye tunayekulilia."

Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya statasi yangu. "Na hii mikono ya nani?"

"Ya mama mmoja... mpiga piano."

"Kafa?"

"Hapana. Yuko hai. Yuko Ulaya."

"Hamisi! Nimempikia ubwabwa mtu aliye hai Ulaya?"

Kicheko kikalipuka kule ukutani. Nilitamani kuingia ndani nijifungie na ndoo yangu. Lakini mama alikuwa bado ananipapasa uso, kama haamini.

"Simu ulizima kwa nini?"

"Niliogopa, mama. Nilidhani hakuna atakayejibu."

Akatazama mikeka, wazee, sufuria. "Haya, wamejibu. Mtoe huyo mama mwenzangu tumsikie."

Sikujipa nafasi ya kufikiri. Nikaifukua simu, nikaipangusa unga, nikaiunganisha na redio ya Bi Zuhura, sauti hadi mwisho. Watu wakala ubwabwa, yule mama mzee akapiga piano. Hakuna aliyeondoka.

"Ana mkono mwepesi," Bi Zuhura akasema, anajilamba vidole. "Ila huyu naye ana upweke, kama wewe."

Statasi sijaifuta. Mkiiona, msicheke, na msije na mikeka. Pigeni tu. Leo simu naiacha wazi.