Kifaa Chenu Kimenifisha Siku ya Jumamosi

Opanyin K. Asiamah Twum,
Nyuma ya Kanisa la Methodisti,
Effiduase, Asante.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Jicho la Mwana,
Accra.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTANGAZIWA KIFO BILA IDHINI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ikikukuta hivyo, hakikisha kuna mtu amekuona, kwa maana siku hizi uzima usio na shahidi hauhesabiwi.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa tiketi za reli, mgane, na baba yake Serwaa, ambaye yuko Hamburg akiwaogesha na kuwalisha wazee wa Kijerumani. Kwa kuwa kutoka huko hawezi kunitazama mimi, aliilipa kampuni yako inichunge. Kijana wako, mwenye adabu sana, alikuja akafunga kijidude cheupe sebuleni, kingine mlangoni mwa chumba cha kulala, na cha tatu kwenye friji. Nikipita, simu ya Serwaa inawaka kijani. Nisipopita siku nzima, inawaka nyekundu. Nilikubali kwa sababu la sivyo ningefunga nyumba yangu nihamie Accra kwa shangazi yake, na shangazi huyo anapika bila pilipili. Sasa nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Kifaa chenu hakijui kwamba Jumamosi kwetu ni siku ya misiba. Mzee wa Kiasante aliyeko nyumbani kwake Jumamosi ama ni mgonjwa ama ndiye anayezikwa. Mimi niliondoka Ijumaa asubuhi kwenda Juaben kwenye msiba, na simu nikaiacha kitandani, maana simu ikilia mbele ya wafiwa ni aibu. Basi Jumamosi mchana, wakati nakula wali wa watu, nikawaka nyekundu Hamburg.

2. Serwaa akapiga, sikupokea. Akampigia mpwa wangu Badu, naye akaja akagonga. Alisikia simu inalia ndani na mlango umefungwa. Mtu wa taifa lingine angevunja mlango. Badu amelelewa vizuri, na anajua mlango wa mzee wa ukoo hauvunjwi mpaka mkuu wa ukoo atoe ruhusa. Mkuu wa ukoo wetu ni Nana Gyebi, na Nana Gyebi alikuwa Juaben, ameketi upande wangu wa kulia.

3. Badu alipofika msibani alifanya kama tulivyomfunza. Aliinamisha kichwa, akaanzia upande wa kulia, akatushika mkono sote mstari mzima. Mkono wangu pia aliushika, akasema, “Poleni, wazee,” akapita. Mimi nikamjibu ahsante. Kisha akaketi, akapewa maji, akaulizwa habari za atokako, ndipo akamnong'oneza Nana Gyebi kwamba Mjomba Asiamah ameenda kijijini, yaani nimekufa.

4. Nana Gyebi alinigeukia. Ni mtu anayeheshimu utaratibu kuliko ukweli. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Asiamah, kuna habari yako. Lakini wazee hawajaketi kikao, kwa hiyo usiseme neno.” Nami, Ndugu Meneja, sikusema. Mtu mzima na akili zangu, nilinyamaza kimya nikisubiri kutangazwa. Nakiri pia kwamba nilijisikitikia. Nilijiona nilikuwa mtu mwema, hata machozi yakanilengalenga.

5. Wazee waliitwa nyuma ya nyumba kupanga mazishi yangu. Kwa kuwa mimi ni mmoja wao, niliitwa pia, maana bila mimi tusingetimia. Aliyependekeza maturubai ya bei nafuu nilimpinga vikali. Tulikuwa tumefika kwenye rangi ya nguo ndipo Badu aliyekuwa akituletea maji akainua kichwa, na jagi likamponyoka. Wakati huo alikuwa amekwisha kumuuliza fundi kama chumba changu kinaweza kugawanywa viwili. Simlaumu. Kwetu mpwa ndiye mrithi, na mrithi asiyepima chumba ni mzembe.

6. Huko Hamburg, Serwaa alikuwa ameomba ruhusa kazini, na kanisa lake limeniombea nipokelewe vema. Badu alimpigia akanipa simu.

“Baba, ulikuwa wapi?”

“Msibani.”

“Msiba wa nani?”

“Kwa ilivyo sasa, wangu.”

Hakucheka. Alilia tena upya, na akasema likitokea jingine kama hili atanihamishia Accra, nyumba ipangishwe. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, Ndugu Meneja. Kufa ningevumilia, lakini nyumba hii niliijenga na mama yake, tukibeba mchanga sisi wenyewe, na siitoki kwa ajili ya taa nyekundu.

Kwa hayo yote, naiomba kampuni yako itekeleze yafuatayo:

(a) Mlete kondoo na chupa ya kinywaji kwa wazee. Kutangaza kifo kabla mkuu wa ukoo hajaambiwa ni kosa kwetu. Waswahili husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hiki kilianzwa na kitu kilichotundikwa ukutani.

(b) Kama kondoo ni mzigo, kifaa kiingizwe rasmi katika ukoo ili kihesabiwe kilikosea kama mtoto wa nyumbani. Lakini kitatoa mchango wa misiba kama sisi sote, na Jumamosi kitavaa nyeusi.

(c) Vijidude vyote vitatu viondolewe kabla ya Ijumaa na vipelekwe Hamburg, vikafungwe nyumbani kwa binti yangu. Hufanya kazi usiku, hula akikumbuka, na alipokuja mara ya mwisho pete ya mama yake ilikuwa inamtoka kidoleni. Nataka nijue friji yake inafunguliwa lini. Mimi nimezungukwa na ukoo mzima unaopima vyumba vyangu. Yeye asipopita siku nzima, ni simu ya nani itakayowaka?

Wasalimie wafanyakazi wako wote, hasa yule kijana mwenye adabu, na umwambie ngazi yake ameisahau hapa na kuku wanailalia. Nana Gyebi anakusalimu, ila anasema salamu hizi si rasmi.

Mimi niliye hai mpaka wazee waketi,

Opanyin K. Asiamah Twum

Tanbihi: Usimtume kijana kuviondoa vijidude. Jana Serwaa aliniambia kwamba wakati wa mapumziko kazini huketi ngazini na simu yake, akiangalia kama niko kijani. Nilimuuliza mapumziko ni saa ngapi, kwa ujanja, nikijifanya nauliza mengine. Jana hiyo hiyo, saa hiyo ilipofika, nilivaa kitambaa changu kizuri cha sherehe, ingawa najua kifaa chenu hakioni nguo, nikatembea sebuleni kwenda na kurudi. Badu alinikuta napungia ukuta mkono. Nilimwambia nafanya mazoezi. Kama mna kijidude kingine, kifungeni kwenye ujia, kwa maana sebule naimaliza upesi, na mapumziko yake yanakuwa hayajaisha.