Ubao wa Saizi Yangu

Jumatatu, 1 Agosti 2011

Nimefungua robota la mitumba. Nililinunua kama la viatu vya michezo. Viatu: jozi kumi na nne. Kilichobaki: mbao tatu zenye matairi manne manne, zile skeiti ambazo Wazungu husimama juu yake na kuteleza. Mapigo ya moyo saa tatu asubuhi: sabini na mbili. Ndiyo mara ya mwisho kuwa hivyo.

Nikodemo, mwenye kibanda cha mitumba mkabala na changu, amecheka hadi akashika nguzo. Ameuliza tangu lini vibao vya kukatia nyama vikaota miguu. Ningenyamaza. Lakini Ikupa, binti mshonaji wa kibanda cha jirani, alikuwa amesimamisha cherehani yake kusikiliza. Nikasema nimepanda skeiti miaka miwili, Ndola, Zambia. Ndola! Sijawahi kupita Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, na hata Nakonde huenda kununua sukari tu na kurudi kabla sijaogopa.

Ikupa akasema, "Kumbe, kaka Wilbard!" Kumbe hilo limenishuka mpaka magotini.

Kisha nikakumbuka sheria ya soko letu. Mali ya mpakani ikishanunuliwa hairudishwi, kwa hiyo muuzaji huijaribu mbele ya watu. Redio iimbe. Pasi ishike moto. Nikodemo akapaza sauti: "Haya, mwalimu, panda tuone!" Nimejibu kwamba skeiti si ndala. Kila mpandaji ana saizi yake, na yangu haimo.

Nimefunga kibanda mapema kuliko siku zote. Ila nimepona.

Jumanne, 2 Agosti

Saa nzima kwenye duka la intaneti, karibu na stendi, na daftari na rula. Kiingereza cha kidato cha nne kimetosha. Kinachopimwa ni upana. Anayeruka na kuuzungusha ubao achukue mwembamba, inchi saba na nusu hadi nane. Mwenye mguu mkubwa, au anayeshuka miteremko kwa kasi, achukue mpana, nane na robo kwenda juu, asije akayumba.

Nimepima zangu. Saba na nusu. Saba na robo tatu. Nane kamili. Mguu wangu ni namba 43. Papo hapo nimejitangaza kuwa mtu wa miteremko. Ubao wa nane na nusu haupo kutoka hapa hadi Mbeya! Nimekula ugali wa watu wawili.

Nimebandika tangazo kibandani: CHAGUA SAIZI KWA MTINDO WAKO. USHAURI BURE. Nikodemo ameuliza mbele ya wateja mtu wa mdomo hupewa inchi ngapi.

Alhamisi, 4 Agosti

Balaa. Amekuja baba yake Ikupa, Mzee Yesaya, mzaliwa wa Isongole, seremala wa hapa Mpemba: vitanda, makabati, majeneza. Nimempa shikamoo mbili kwa hofu.

Amesema sifa zangu zimemfikia, na kwamba amechoka na wachumba wa maneno. Wa mwisho alijiita dereva wa malori, akaliingiza lori kwenye mahindi ya mchungaji. Sasa, sikukuu ya Nanenane vijana wa kanisa wana michezo. Nishuke na skeiti ule mteremko wa lami, kutoka kanisani hadi mashine ya kukoboa. Nikishuka, nimtume mshenga. Nisiposhuka, nisimsalimie tena binti yake.

Nimesema ningeshuka hata leo, baba, tatizo ni saizi.

Mzee amesema saizi ndiyo kazi yake. Akatoa uzi, akapima unyayo wangu, akakata. Kisha, kwa mazoea tu, akatoa uzi wa pili, akanipima kutoka kisigino hadi utosini, akakata. Nyuzi zote mbili akazitia mfuko wa shati. Huku kwetu uzi wa namna hiyo hupelekwa kwa seremala na ndugu wa marehemu. Mimi nimepimwa nikiwa bado naamkia!

Mapigo: mia moja na kumi. Sijagusa ugali.

Ijumaa, 5 Agosti

Hila mpya. Nimemwambia Ikupa kwamba nimebadili mtindo. Sasa ni mtu wa kuruka, mahali tambarare. Ubao wa baba utakuwa mpana mno, inasikitisha.

Nikodemo akadakia: mwembamba si huu hapa? Na hapa si tambarare? Watu wakaanza kufanya duara. Nimerudi miteremkoni haraka kuliko nilivyotoka.

Ikupa ametumwa na baba yake achukue matairi ya mbao mbili. Nimempa. Kwake siwezi kukataa kitu, na ndicho kitakachoniua.

Jumamosi, 6 Agosti

Mazoezi ya siri, nyuma ya mashine ya kukoboa, kabla mwenye mashine hajafika. Nimesimama sekunde tatu juu ya ubao uliobaki, nikiwa nimeshika ukuta. Ukuta ulibaki umesimama, mimi sikubaki. Mbuzi mmoja ameshuhudia yote. Nilimtupia kiatu, hakuondoka.

Hila nyingine, bora kuliko zote. Nitavaa mabuti ya mvua namba 46, yaliyojazwa magazeti. Ubao uliopimwa kwa mguu wa 43 utakuwa mdogo, nami nitasikitika hadharani. Nimejaribu kusikitika mbele ya kioo. Nasikitika vizuri.

Jumanne, 9 Agosti

Naandika nimelala chali. Hospitali. Nitaeleza kwa mpangilio.

Jana, saa nne. Mzee Yesaya alifika na ubao uliofunikwa shuka jeupe. Akafunua. Mninga, umepigwa randa na vanishi hadi unang'aa. Urefu: futi tano na inchi saba. Urefu wangu! Nyuzi zilimchanganya. Upana alikadiria kwa mabega. Ubavuni vishikio vya shaba, viwili kila upande. Alisema hivyo viliwekwa na mkono wenyewe, kwa mazoea.

Juu ya ubao ule mabuti yangu yalionekana kama maharage mawili barabarani. Nikasema ni mrefu mno, baba, kwa mtindo wangu. Nikodemo akauliza, kwa upole kabisa, kama hakuna mtindo wa kulala. Umati ukashangilia.

Ikupa hakushangilia. Alinisogelea, akasema chini chini, kaka Wilbard, kama hujui sema hujui, kwa baba nitazungumza mimi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema Ndola tulilala mara nyingi.

Nikalala chali, miguu mbele. Mikono nikaikunja kifuani. Mzee akasukuma kidogo. Nikafumba macho.

Sasa fikiria waliokuwa wakipanda kuja sikukuuni. Waliona jeneza lisilo na mfuniko wala wabebaji, na maiti yenye mabuti, likiwajia kwa kasi. Wanaume walivua kofia. Pikipiki zikazimwa. Kina mama wakaangua kilio. Kwaya ilianza wimbo wa maziko, sauti zote nne. Nikafumbua macho kidogo, nikaona mashine ya kukoboa. Nikapiga yowe.

Hapo ndipo walipokimbia wote. Hakubaki hata mmoja wa kunizuia.

Mguu wa kushoto umevunjika, mahali pawili.

Jumatano, 10 Agosti

Mzee Yesaya amekuja kunijulia hali. Ni mtu wa neno lake: nimeshuka, mshenga aje. Amesema katika miaka thelathini ya kazi yake ya majeneza mimi ndiye mteja wa kwanza kupiga kelele. Nadhani ni sifa.

Ikupa alibaki, akaninywesha uji kwa kijiko. Amesema kwa baba yake nimeshinda, kwake bado. Sharti lake ni moja. Hataki mtu hodari. Anataka mume ambaye asipojua jambo atasema sijui. Nimeapa. Nimeapa mkono juu ya plasta. Akatabasamu! Ilikuwa saa nne kamili.

Saa nne na robo, Mabula, mfugaji wa Momba aliye kitanda cha pili, akaanza kusimulia dume lake jeusi la ng'ombe lililomvunja mbavu. Nyumbani hakuna anayethubutu kulitia kamba. Akauliza kama humu wodini kuna mtu anayejua madume.

Ikupa akaniangalia. Kijiko kilisimama hewani.

Neno lenyewe fupi. Lilifika hadi kwenye meno. Nikasema kwamba yote hutegemea urefu wa pembe na mtindo wa anayefukuzwa.

Ikupa amempa Mabula uji wote, na bakuli.

Mabula amefurahi mno. Amewapigia simu vijana wake. Dume linaletwa Jumamosi.