Kuhusu Haki Yangu ya Kushika Mkia

Ndugu Katibu wa Mbio za Jumamosi,

Nakuandikia kwa heshima yote unayostahili, na nyingine kidogo ya akiba, kwa kuwa najua utaihitaji ukiendelea kusoma.

Mimi ni mwalimu wa historia, umri wangu miaka hamsini na miwili, na kwa misimu mitatu nimekuwa nikijaza lile jedwali lenu la changamoto arobaini. Nimekimbia katika viwanja saba. Nimemaliza nikiwa wa hamsini na mbili, sawa na umri wangu, na ili kuipata nafasi hiyo ilinibidi nimpishe fundi cherehani mmoja aliyekuwa akikimbia huku anaongea na simu. Nimemaliza kwa dakika arobaini na sekunde arobaini kamili. Visanduku thelathini na tisa vimejaa. Kimebaki kimoja: "Kushika mkia." Jedwali linafungwa baada ya Jumamosi mbili.

Usidhani ni mchezo. Nyumbani kwangu kuna tasnifu iliyoishia sura ya nne, ukuta uliopakwa rangi hadi dirishani, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye huniita Bwana Robo Tatu hata mbele ya wanafunzi wangu. Nataka kumaliza jambo moja kabla sijazikwa. Kinachonizuia ni kamati yako, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kanuni yenu inasema kila mbio ziwe na mlinda mkia, mtu wa kujitolea anayevaa kizibao cha rangi ya chungwa na kutembea nyuma ya wote, ili asiwepo mkimbiaji yeyote wa mwisho. Maana yake nafasi ninayoitaka imeshagawiwa kabla mbio hazijaanza, bila ushindani, kwa mtu asiyeihitaji. Nimesoma habari za wafalme wengi. Hata wao walijifanya kukipigania kiti.

2. Mlinda mkia wetu, muuguzi mstaafu tunayemwita Mama Taratibu, ana huruma isiyovumilika. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikiinama kufunga kamba za viatu, ananishikia miwani. Wiki moja alinisifia kilomita nzima, "Hivyo hivyo baba, pumzi ndiyo hiyo, mguu ndio huo," mpaka nikaona haya, nikakimbia kweli. Niliwapita watu kumi na mmoja. Nani atanirudishia hao kumi na mmoja?

3. Mwezi uliopita tulifika mstarini mimi na yeye, tukasimama. Akaniambia nitangulie. Nikamwambia mkubwa ndiye hutangulia. Akasema zamu yake haiishi mpaka mgonjwa wa mwisho atoke wodini. Tulikaa hapo dakika hamsini tukikaribishana kama wageni wawili mlangoni. Mtunza saa akatuuliza kama tunamaliza mbio au tunafunga ndoa, maana yeye ameacha nguo kwenye kamba na wingu linakuja. Mvua ilipoanza, Mama Taratibu alinifunika kichwa kwa kizibao chake, akanisukuma nivuke mstari kwa kiganja kimoja. Hayo, Ndugu Katibu, ni matumizi ya nguvu.

4. Nikahamia mbio za vitongoji vingine. Viwanja sita, vizibao sita. Mmewaambukiza wote. Katika uwanja wa tano nilijificha nyuma ya choo nikisubiri mlinda mkia wao amalize, nikasikia kipaza sauti kikitangaza kupotea kwa mzee mwenye kaptula ya bluu, ambaye huenda amechanganyikiwa. Walinipata. Nilipewa maji na kiti.

5. Jamii isiyo na wa mwisho haina wa kwanza pia, kwa maana huyo wa kwanza kamshinda nani? Leo mmefuta mkia wa mbio. Kesho mwanafunzi wangu aliyepata sifuri ataniomba nimtafutie mtu wa kujitolea wa kukaa chini yake, na nitamjibu nini?

Kwa hiyo nadai kanuni hiyo ifutwe. Ikishindikana, Mama Taratibu apewe likizo ya lazima Jumamosi zote mbili. Tena haki ya kila mtu kushika mkia iandikwe katika katiba ya chama, kifungu cha mwisho, panapostahili.

Nisalimie wajumbe wote, wagawa maji, na mtunza saa. Natumaini nguo zilikauka.

Nabaki nyuma yako, kadiri nitakavyoruhusiwa,

Mwalimu

Nyongeza: Mke wangu, ambaye hunisahihishia barua, ameisoma hii, akaenda kwenye faili anamoweka nakala za barua zangu, akarudi na moja ya miaka minne iliyopita. Ni yangu, kwako. Katika mbio zangu za kwanza nilikuwa wa mia mbili na kumi na mbili kati ya watu mia mbili na kumi na wawili, nikawakuta mnakunja meza. Kwa hoja sita nilidai binadamu yeyote asiachwe tena kuwa wa mwisho, awekwe mtu nyuma yake, na matokeo yangu yafutwe. Mlikubali yote ndani ya wiki. Aibu ya siku ile naikumbuka mpaka leo. Barua ndiyo niliyoisahau.

Naomba mrudishe matokeo yale, kisanduku kijae. Kanuni msiiguse. Mke wangu amesema Jumamosi anakuja kukimbia mwenyewe, aone ninagombana na nini, na huyu hajakimbia tangu aache shule. Nikimngoja atanikasirikia. Tafadhali, Mama Taratibu asikose.