Pampu, Povu na Mama Mkwe

Leo nimeaibika mchana kweupe, jamani. Nawaandikia upesi, kabla dereva wa lori la ndizi hajafika huko kwenu Mafiga na kuwasimulia kwa mbwembwe zake. (Barua yenyewe anaileta yeye. Nimeibandika kwa ulimbo asiifungue.)

Mnajua nimekuja Matombo kumposa Skola. Na sisi Waluguru mnatujua: baba husikilizwa, mjomba ndiye huamua. Sasa huyu mjomba wake, Mzee Mloka, nyumba yake imeinuliwa juu ya mawe, sakafu ya mbao. Chini, uvunguni, ndimo wanamovumbika ndizi. Masika haya maji yakaingia humo. Ndizi zinaelea, nguzo zinalowa!

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Mimi ni mtu wa pampu kule kwenye mkonge. Niachie mimi."

"Marahaba. Ukinikaushia uvungu, tutazungumza habari za Skola. Ukishindwa, lori linaondoka jioni."

Basi. Nikafunga pampu ya mkono mbele ya nyumba. Mpira wa kumwagia maji niuelekeze wapi? Upande wa chini kuna jiko la mama mkwe, dada yake mjomba. Mimi, mkwe mtarajiwa, nimmwagie mama mkwe maji machafu jikoni? Astaghafiru! (Nisameheni, ndiyo athari ya kukaa na ninyi Waislamu wa mjini.) Nikauzungusha mpira nyuma ya nyumba, upande wa juu, kwenye changarawe. Adabu kwanza.

Nikaanza. Pampu inalia, maji yanapanda, mengine yanavuja hapo kwenye kiungo cha mpira! Watu wakajaa. Hawajapata kuona maji yakivutwa juu kwa mkono. Nikavua shati. (Skola alikuwa anatazama.)

Nikavuta mpaka mikono ikafa ganzi. Maji hayapungui. Vijana wakapokezana. Hayapungui! Halafu, jamani, yale yaliyoanza kama tope yakaanza kutoka meupe, maangavu, unaona mpaka kucha zako. Mwili ulinisisimka. Nikautazama mlima, umejifunika mawingu mpaka kiunoni, nikajisemea, mimi ni nani hata nishindane na huyu?

Nikatangaza kwa sauti: "Mjomba, haya si maji ya mvua! Ni chemchemi. Mlima umefunguka chini ya nyumba yako!"

Mzee Mloka akavua kofia. Wote wakavua. Bibi mmoja akapiga vigelegele, mwingine akapiga ishara ya msalaba. Mjomba akaagiza kuku mweupe wa tambiko akamatwe, na mtu akimbie kumwita padri. (Wote wawili, kwa usalama.) Mimi nikaendelea kuvuta, machozi yananilenga. Nimeivumbua chemchemi! Skola ni wangu!

Mara pampu ikakohoa. Ikatoka povu.

Povu jeupe, jamani, linameta! Watu wakarudi nyuma. Mtu akapiga magoti kwenye tope. "Mama yangu! Mlima unatoa maziwa!"

Sauti ikatoka nyuma ya nyumba. Ni mama mkwe. Hakujitokeza, maana mama mkwe hakai uso kwa uso na mkwe.

"Mwambieni huyo kijana wa mkonge," akasema, "hilo povu ni langu. Ni sabuni yangu ya mche. Nimeona maji safi yanamwagika huku bure, nikaleta nguo. Nikisuuza, povu linaingia chini ya nyumba yenu."

Mjomba akainama akachungulia uvunguni. Mfereji mzuri kabisa, unatoka kwenye mpira wangu, unapita kwenye changarawe, unarudi ndani. Asubuhi nzima nimevuta maji yaleyale, changarawe inayachuja!

Mjomba akavaa kofia yake polepole. Kuku akaachiwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini ingepasuka ningeambiwa niivute maji.

"Kwa nini ulimwaga upande wa juu?" mjomba akauliza.

Nikavaa shati langu kwanza. "Chini kuna jiko la mama. Niliona ni kumkosea adabu."

Hakuna aliyecheka. Wakaangaliana. Kule nyuma nguo zikaacha kupigwa.

"Mwambieni mkwe wangu," ile sauti ikasema, taratibu, "maji amwage huko jikoni kwangu. Siku nyingine anikosee adabu kidogo."

Mkwe wangu! Mmesikia? Nikauhamisha mpira. Jua halijatua, uvungu umekauka, na lori linaondoka bila mimi.

Haya, chekeni. Ila mmalize kabla ya harusi.